Elfu sitini, watoto watatu, na Baraka anapenda kufuli

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, dada. Pole na kazi. Nina watoto watatu: binti wa miaka 11, Baraka wa miaka 7, na kitindamimba wa miaka 4. Baraka ana usonji, na bado haongei. Krismasi iliyopita baba yake alimnunulia gari la betri lenye king'ora, shilingi 45,000. Lilipolia tu, mtoto akaingia chini ya kitanda na hakutoka mpaka jioni. Ukweni Kibosho wakasema hana shukrani, tumemdekeza. Yeye anachopenda ni kufunga na kufungua kufuli, kutwa nzima. Mwaka huu tumevunja kikoba, na nikishatoa sare na madaftari ya Januari nabakiwa na 60,000 za zawadi. Nimnunulie nini? Na nikigawa elfu ishirini ishirini, nitakuwa nimetenda haki?
Mama Baraka, Majengo, Moshi

JIBU: Milele amina, mdogo wangu. Pole kwa maneno ya ukweni. Mtoto aliyejificha chini ya kitanda hakukosa shukrani, aliumia. Watoto wengi wenye usonji huisikia sauti kwa ukali kuliko sisi, na king'ora ndani ya chumba kimoja ni adhabu kwao.

Sasa mnunulie kufuli. Nasema kweli. Usiende duka la midoli, nenda duka la vifaa vya ujenzi. Chukua kufuli mbili ndogo za aina moja, makomeo mawili na bawaba jozi moja, halafu mtafute seremala mwenye mabaki ya plaiwudi. Akate ubao wa kukaa mapajani, aupige msasa kingo zote, kisha afunge vile vitu na kijimlango kidogo katikati. Funguo zifungwe kwenye ubao kwa kamba imara, fupi, isiyoweza kuzunguka shingo, hasa kama Baraka bado anatia vitu mdomoni. Na jambo hili usilisahau: kufuli za zawadi zisifanane na ya geti lenu. Watoto wetu wengine hutoka nyumbani bila kuaga, na huyu utakuwa umemfundisha kazi.

Kazi yote hiyo itakula kama elfu ishirini, ila uliza bei kwanza. Hao wengine wawili wape elfu kumi na tano kila mmoja. Haki si kulinganisha risiti. Binti yako wa miaka 11 mkalishe pembeni umweleze, maana yeye ndiye anayeamka kila ndugu yake anapolia usiku, na anajua mengi kuliko tunavyodhani. Muulize anataka nini, umpe hichohicho.

Sasa nikwambie kilichonigharimu mimi kujifunza. Binti yangu ana miaka 13, naye ana usonji. Alipokuwa mdogo alikuwa na utepe wa satini wa bluu, upana wa vidole viwili, anausugua kwa kidole gumba mpaka usingizi umchukue. Tarehe 23 Desemba tukaupoteza ndani ya kifodi, daladala zetu za Arusha, tukitoka soko la Kilombero kwenda nyumbani Sakina. Usiku ule hakulala, wala sisi, wala jirani. Asubuhi nikazunguka soko zima, nikapata wa bluu uleule. Akaunusa, akautupa. Ulikuwa na harufu ya dukani, na ulikuwa mkavu, haujapitiwa na mkono wa mtu. Nikaufua kwa sabuni yetu ya mche, nikaufua tena, nikautia kwenye foronya yake. Siku ya tatu akaupokea. Tangu hapo kila anachokipenda nanunua viwili, kimoja nakificha, na kila baada ya majuma kadhaa navibadilishia zamu ili vichakae pamoja. Ndiyo maana nimekwambia kufuli mbili za aina moja. Ikipotea funguo usiku wa mkesha, utanikumbuka.

Kuhusu vile vitu vinavyouzwa mitandaoni kwa jina la vifaa vya watoto wa usonji, angalia sana. Jina lile peke yake hupandisha bei. Vizuia sauti vya masikioni wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma vinafanya kazi ileile. Mjaribishe tu kama vinamkaa kichwani bila kumbana. Na hakuna mdoli unaoondoa usonji, hata muuzaji aape vipi.

Bibi yake Baraka akisema anataka kumnunulia shati jipya la kola ngumu, mwache baba yake aongee na mama yake mzazi, isiwe wewe. Aombe fulana ya pamba, lebo ya shingoni ikatwe. Mimi binafsi ningekwenda soko la Memorial: nguo ya mtumba imeshafuliwa mara nyingi, imelainika, haimwashi mtoto. Najua kwa Krismasi watu wanaona mtumba ni aibu, lakini ngozi ya Baraka haijui aibu hiyo.

Ubao huo usiufunge kwenye karatasi ya kung'aa inayopiga kelele ikichanwa. Uviringishe kwenye khanga yako anayoijua harufu yake. Umpe nyumbani Majengo, siku mbili kabla hamjapanda Kibosho, nyumba ikiwa imetulia. Akifika kule kwenye ndafu, spika na watoto ishirini wa shangazi, awe na kitu chake mkononi alichokwisha kukizoea. Waombe wenyeji kona moja au chumba kimoja cha nyuma ambacho hataingiliwa.

Hapo umetumia elfu hamsini. Elfu kumi iliyobaki usiinunulie chochote. Hiyo ni nauli ya kuondoka mapema, ili msisubiri gari la ndugu mpaka saa mbili usiku huku Baraka ameshachoka na wewe unaona haya kuaga. Ifunge kwenye pindo la khanga. Mwambie dereva wa bajaji tangu asubuhi awafuate saa nane mchana, na akifika asipige honi.