Kikosi changu cha besiboli cha 2001: Ichiro anaanza, Luis Gonzalez anakaa benchi

Mkuu, umeuliza: ukipewa msimu mmoja uliopita wa besiboli ya Marekani uchague kikosi bora cha kila ligi, utachukua mwaka gani, na utafuata takwimu peke yake au na ulichokiona kwa macho? Kwangu ni 2001, na nitakueleza jinsi nilivyochagua.

Nilifika Seattle mwishoni mwa 2000 nikitokea Tanga, nikapata kibarua cha zamu ya jioni kwenye dobi la hoteli. Besiboli sikuijua hata kidogo. Redio ya pale haikuzimwa, na sauti iliyotawala ni ya Dave Niehaus akitangaza mechi za Mariners, timu ya Seattle. Mzee mmoja wa Mexico niliyekuwa nakunja naye mashuka ndiye aliyenifundisha. Alipanga taulo nne mezani zikawa besi, akachukua kifungo cha shati kikawa mkimbiaji, akakisogeza taulo hadi taulo mpaka nikaelewa.

Mji ulikuwa na majonzi. Kati ya 1998 na 2000 timu ilikuwa imewapoteza Randy Johnson, Ken Griffey Jr. na Alex Rodriguez, huyu wa mwisho akienda Texas kwa mkataba wa dola milioni 252. Waliobaki, pamoja na Mjapani mmoja mgeni, Ichiro, wakashinda mechi 116 kati ya 162. Msimu kama huo ukiwa ndio wako wa kwanza, haukutoki moyoni.

Sheria zangu ni mbili. Namhesabia mtu alichofanya mwaka ule tu, na namweka pale alipocheza kweli. Jina kubwa la miaka ya nyuma halimpi namba.

Ligi kuu zipo mbili, American na National. Ligi ya American, uwanja wa kulia: Ichiro Suzuki. Hapa ndipo ninapogombana na watu. Wa takwimu za nguvu wanamtaka Juan Gonzalez wa Cleveland, aliyepiga homurani 35 (mapigo yanayovuka uzio) na kuingiza mikimbio 140, yaani pointi, wakati Ichiro alivusha uzio mara 8 tu. Lakini Ichiro alipiga akafika besi mara 242, wastani wa .350 (mapigo 35 katika kila zamu 100), akaiba besi 56, yaani alikimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe. Na kuna kitu ambacho namba hizo hazikionyeshi. Siku yangu ya kwanza Safeco Field, uwanja wa Mariners, nilikaa juu, upande wa besi ya tatu. Alinyoosha gongo la kupigia wima kumwelekea mrushaji, akavuta mkono wa jezi begani, akatulia. Mpira aliopiga ulikuwa dhaifu, wa kuburura, kazi nyepesi kwa mlinzi yeyote. Lakini mlinzi alijua nani anakimbia. Akaharakisha, mpira ukamponyoka. Mbio za mtu mmoja zilikuwa zinawavuruga walinzi wote wanne wa ndani.

Na mkono wake je? Tarehe 11 Aprili, kule Oakland, Terrence Long wa Oakland alitoka besi ya kwanza akidhani ataifikia ya tatu bila shida. Ichiro aliokota kulia kabisa, akautuma mpira moja kwa moja kwenye glovu ya David Bell, mlinzi wa besi ya tatu wa Mariners, bila kudunda. Long akatolewa. Sisi tulikuwa dobini tunasikiliza, mzee akaachia ncha ya shuka lake, likanibaki mimi peke yangu mkononi.

Namba ya shotistopu, mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, iliniuma. Rodriguez aliporudi Seattle Aprili ile mashabiki walimrushia noti za bandia, na mzee wangu hakutaka hata kulitaja jina lake. Texas yenyewe ilimaliza mkiani mwa kundi lake. Lakini homurani 52 kutoka kwa mtu anayelinda eneo gumu kuliko yote ya ndani! Sheria ni sheria: Rodriguez anacheza.

Besi ya pili ni Bret Boone, aliyeingiza mikimbio 141, sina mjadala. Ya kwanza Jason Giambi wa Oakland. Ya tatu nampa Eric Chavez mbele ya Troy Glaus, kwa sababu ya glovu yake. Uwanja wa kati Mike Cameron, wa kushoto Garret Anderson, mdakaji Jorge Posada. Mrushaji? Tuzo ya mrushaji bora alipewa Roger Clemens kwa ushindi 20 na kushindwa mara 3, ila ushindi unategemea pia wenzako wamekupigia mikimbio mingapi. Freddy Garcia aliruhusu wastani wa mikimbio 3.05 kwa mechi, Clemens 3.51. Namchukua Garcia, na wa kumalizia mechi awe Mariano Rivera.

Ligi ya National kazi ilikuwa nyepesi, isipokuwa uwanja wa kushoto. Luis Gonzalez wa Arizona alipiga homurani 57. Mwaka wowote mwingine anaanza. Lakini Barry Bonds alipiga 73 palepale kushoto, na warushaji walimpa besi ya bure, kwa kumrushia mipira isiyopigika, mara 177. Najua maneno ya dawa za kuongeza nguvu. Mwaka ule wachezaji wa ligi kuu walikuwa bado hawapimwi, nami nachagua kwa kilichotokea uwanjani. Gonzalez benchi, na moyo unauma. Wengine: mdakaji Piazza, besi ya kwanza Helton, ya pili Kent, shotistopu Aurilia, besi ya tatu Chipper Jones, uwanja wa kati Edmonds, wa kulia Sosa. Mrushaji ni Randy Johnson, aliyewatoa wapigaji 372 kwa kuwakosesha mpira.

Ukiniuliza vikosi hivi vingekutana ingekuwaje, kipande kidogo tulikiona kweli. Tarehe 10 Julai mechi ya nyota, inayokutanisha wachezaji bora wa ligi zote mbili, ilichezwa Seattle. Johnson, mrefu kupita kiasi, mkono wa kushoto, alirudi kwenye mji aliouchezea akiwa na jezi namba 51, namba ambayo sasa ilikuwa mgongoni mwa Ichiro. Mpigaji wa kwanza wa nyumbani alikuwa Ichiro mwenyewe. Wasimamizi walituruhusu tusimame kwenye chumba cha mapumziko tutazame runinga. Mpira ulibaki mlemle ndani, haukufika hata kwenye nyasi za nje, naye akaiwahi besi ya kwanza. Halafu akaiba ya pili.