Mchoro wa Ukoo Kwanza, Mashine Baadaye: kwa Wanaoanza Utafiti wa Jeni za Saratani ya Matiti

Anayeanza kazi hii hutamani kukaa mbele ya mashine ya kusoma DNA. Mashine utaizoea. Jifunze kwanza kumhoji mgonjwa na kuitunza sampuli yake, kwani kosa la hapo halirekebishwi na kompyuta yoyote. Mary-Claire King alipoonyesha mwaka 1990 kwamba jeni ya saratani ya matiti ya kurithi iko kwenye kromosomu ya 17, alifika hapo kwa kufuatilia familia. Jeni hiyo, iitwayo BRCA1, ilipatikana yenyewe 1994, na ya pili ya aina hiyo, BRCA2, iliyo kwenye kromosomu ya 13, mwaka 1995.

Mombasa mchoro wa ukoo una mtego wake, nao uko kwenye lugha. Mgonjwa akikwambia "dada yangu alikuwa na uvimbe wa titi", huenda dada huyo ni binti ami, au binti wa mama mkubwa. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja hushiriki takriban nusu ya DNA. Wa baba mmoja mama mbalimbali, robo. Mabinamu, sehemu moja kwa nane. Ukiandika "dada" kwa wote watatu, hesabu nzima imeharibika. Uliza: "Mmezaliwa tumbo moja? Na baba je?" Mama mdogo naye anaweza kuwa mdogo wake mama, mke wa baba mdogo, au mke mwingine wa baba, ni yule wa kwanza tu mwenye damu ya mama.

Usimalizie upande wa mama. Mwanamume mwenye badiliko la BRCA1 ana uwezekano wa nusu wa kumrithisha kila mtoto, hata kama yeye hajaugua, kwa hivyo waulizie mashangazi mmoja mmoja. Andika umri wa kuugua, si wa kufariki pekee. Ukisikia "alikufa kwa uvimbe wa tumbo", dadisi zaidi: pengine ilikuwa saratani ya ovari, na hiyo ina uzito mkubwa katika ukoo wa aina hii. Ndoa za mabinamu pia ziandike, maana mtoto akirithi nakala mbili mbovu za BRCA2 hupata anemia ya Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha uboho wa mifupa.

Damu ichukuliwe kwenye tyubu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), yenye kifuniko cha zambarau, mililita 4. Ipindue taratibu mara 8 hadi 10. Usiitikise kwa nguvu, seli zitapasuka. Kifuniko cha kijani ni heparini, ambayo huzuia PCR, yaani njia ya kuzidisha nakala za DNA. Namba iandikwe kwenye tyubu penye kitanda cha mgonjwa, kamwe si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Kwa joto letu tumia kasha la baridi, lakini tenganisha tyubu na barafu kwa kitambaa: damu ikiganda kwa baridi, seli huvunjika. Chupa ya kemikali iliyotoka kwenye friji iache ipate joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa pwani utaingia ndani.

Kipande cha uvimbe kikatwe vipande vyembamba, kiingie ndani ya saa moja kwenye fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, ujazo mara kumi ya nyama, kikae saa 6 hadi 72. Kikizidi sana, DNA hukatika na herufi C husomwa kama T, nawe utatangaza mabadiliko ambayo mgonjwa hakuwa nayo.

Ukishaitoa DNA, ipime kwa mwanga: uwiano wa 260/280 (mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 ukigawanywa kwa ule wa 280) ukiwa karibu na 1.8, DNA ni safi. Ukishuka, kuna protini.

Kwenye matokeo, kuwa mvumilivu. Hazina za kulinganishia zimejaa data za watu wenye asili ya Ulaya, hivyo mabadiliko mengi ya watu wetu yataonekana "maana haijulikani". Hilo si tatizo la mgonjwa, na asikatwe titi kwa sababu yake. Kumbuka pia kwamba usomaji wa kawaida waweza kukosa pengo kubwa la jeni; lipime kwa MLPA, kipimo kinachohesabu nakala za kila kipande cha jeni.

Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, inayoidhinisha utafiti) vitangulie tyubu ya kwanza. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili cha nyumbani, na iseme wazi nani ataambiwa matokeo iwapo mgonjwa atafariki kabla hayajatoka.