Kwa binti anayetaka kuigiza: jifunze kazi kabla ya kutafuta jina

Mabinti wengi wanaotaka kuingia kwenye tamthilia huniandikia, na karibu wote wana swali lilelile: nimjue nani ili nipate nafasi? Wadogo zangu, nimeigiza hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi na naipenda kazi hii kwa moyo wote. Ndiyo maana nawaomba muijue kazi yenyewe kwanza. Watu mtawajua humohumo.

Mwangalieni Lupita Nyong'o, mwigizaji wa Kenya. Wengi walianza kumfahamu alipobeba tuzo ya filamu ya Oscar Machi 2014, wakasema bahati imemwangukia. Fuatilieni alikotoka. Alipanda jukwaani Nairobi akiwa bado msichana mdogo. Filamu ya The Constant Gardener ilipokuja kupigwa Kenya, alikuwemo kama msaidizi wa uzalishaji, yaani wale wanaotumwa huku na huko kwenye seti. Mwaka 2009 aliigiza tamthilia ya Shuga jijini Nairobi, na mwaka huohuo ikatoka filamu ya maisha halisi aliyoiongoza mwenyewe, kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya. Akaenda kusomea uigizaji Yale, akahitimu 2012. Nafasi ya Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave, ndiyo iliyompa Oscar, ilimkuta ameshaiva.

Kwetu kuna TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, pale Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho. Ada ikikushinda, omba kazi yoyote kwenye seti: kusaidia mavazi, kushika muswada, hata kugawa chakula. Kaa pale, tazama wakubwa wanavyofanya.

Utakachokiona mapema ni kwamba hatupigi hadithi kwa mfuatano. Tukipata nyumba ya mtu kwa siku mbili, tunapiga matukio yote ya nyumba ile. Asubuhi unamlilia mumeo aliyefariki, mchana ndiyo kwanza unaposwa naye. Kwa hiyo pembeni ya kila ukurasa naandika kwa penseli: natoka wapi, nimeshajua nini, nina hasira na nani. Chini yake naandika hereni nilizovaa, kitambaa nimekifunga vipi, kikombe kiko mkono gani. Kikombe kikihama mkono, mhariri hana la kufanya ila kukata, na kinachokatwa ni yale machozi uliyoyahangaikia. Halafu kuna sauti. Bodaboda ikipita, tunarudia. Adhana ikianza, tunasimama mpaka iishe, na wewe unatakiwa uyarudishe machozi yaleyale pale ulipoyaachia. Hilo halifundishwi na urembo.

Mkataba usomeni kabla kamera haijawashwa. Malipo ni kwa siku au kwa episodi? Yanatoka lini? Tamthilia ikirushwa tena, au ikipelekwa kituo kingine au mtandaoni, unapata chochote? Sura yako inaruhusiwa kutumika kutangaza sabuni? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, ila saini moja ya haraka inaweza kukuvua haki nyingi. Tafuta mtu anayeelewa sheria akusomee, hata kama prodyuza anasema gari linasubiri.

Kati ya kazi moja na nyingine kuna ukimya, na ukimya una kodi ya nyumba. Mimi naujaza kwa kuingiza sauti, maana tamthilia za Kituruki zinazotazamwa sana huku zinahitaji watu wa kuzisemea kwa Kiswahili. Ni kazi nzuri, tena inanoa ulimi.

Familia nayo iandae. Nilipocheza mama mkwe mkorofi, mama mmoja sokoni aligoma kuniuzia nyanya mpaka niahidi kumwacha mkwe wangu aishi kwa amani. Mimi nilifurahi, nikajua kazi imefika. Lakini mtoto anayesikia shuleni kwamba mama yake ni mchawi anahitaji kuelezwa mapema, na kuelezwa na wewe mwenyewe.

Lililobaki ndilo linaloniuma kuliko yote. Wapo wanaotoa nafasi kwa masharti ya kitandani. Niliwahi kuwekewa sharti hilo, nikakataa, nafasi akapewa mwingine wakati nyumbani pesa inahitajika kwelikweli. Hata hivyo nawaambia kataeni. Usaili wa kweli unafanyika mchana, mahali panapojulikana, mbele ya watu zaidi ya mmoja, na unapewa karatasi uisome. Ukiitwa hotelini usiku peke yako, usiende. Na msikubali kuambiwa kwamba ndivyo tasnia ilivyo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira au upendeleo anatenda kosa la jinai. Usifute meseji hata moja. Mweleze mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, kisha piga 113, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni bure.