Maswali Yenu: Saa ya kalenda ya kudumu inapofika mnadani

Swali: Kwenye katalogi ya mnada wa Geneva nimeona saa ya mkononi ya kampuni ya Uswisi ya Patek Philippe, namba 3970 ya dhahabu: ni kronografu (saa yenye kipima muda cha kuanzisha na kusimamisha) yenye kalenda ya kudumu, ile inayojua yenyewe urefu wa kila mwezi. Nitakuwa huko siku za maonyesho kabla ya mnada. Nianze kukagua wapi? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Anza na kalenda kabla ya kuitazama dhahabu. Saa hii ilitengenezwa kuanzia 1986 hadi 2004, ina kipenyo cha milimita 36 tu, na hutiwa ufunguo kwa mkono. Fedha unayoitoa ni ya zile kazi zake za ziada: kronografu, siku, tarehe, mwezi, mwaka mrefu (wa siku 366) na sura ya mwezi wa angani. Mkwaruzo wa kasha unavumilika. Jino la gia ya kalenda likivunjika, matengenezo ni ghali na hayaishi haraka.

Usibonyeze chochote mwenyewe. Mwombe mhudumu asogeze mishale mbele mpaka ipite usiku wa manane. Siku na mwezi huonekana kwenye vidirisha viwili chini ya saa 12 iliyoandikwa usoni. Jina likae katikati, lisibaki nusu ndani nusu nje. Mwezi ulioonyeshwa ukiwa wa siku 30 na tarehe ikawa 30, una bahati: tarehe ikiruka moja kwa moja hadi 1, kalenda inajua kazi yake.

Kisha kronografu. Mshale wa sekunde uondoke bila kushtuka, na ukirudishwa utue barabara kwenye sifuri. Ukitua pembeni kidogo, huenda mshale umekaa vibaya tu, na hilo fundi hulimaliza. Ukitetemeka au kuruka mwanzoni, gia hazishikani sawasawa, na hapo kazi ni kubwa.

Sasa toa kioo chako cha kukuza mara 10. Tazama masikio ya kasha, pale mkanda unaposhika. Kingo ziwe kali na muhuri wa dhahabu usomeke. Muhuri ukiwa kama sabuni iliyotumika, kasha limepigwa msasa mara nyingi, na dhahabu iliyoondoka hairudi. Hili wanunuzi wengi hulidharau kwa sababu kasha linang'aa. Mimi ningeichukua saa yenye mikwaruzo ya kweli kuliko iliyong'arishwa hadi ikapoteza umbo.

Dai pia taarifa ya hali ya saa kwa maandishi, pamoja na kipimo cha mwendo. Saa iliyojaa ufunguo, ikilazwa uso juu na kronografu imezimwa, balansi yake, lile gurudumu linaloyumba huku na huku kupima mwendo, izunguke nyuzi 270 hadi 300 hivi. Ikishuka chini ya 220, hesabu gharama ya matengenezo kwenye bei yako, maana nyumba za mnada huuza kitu kama kilivyo. Mwisho ulizia cheti cha asili na kile kijiti cha kubonyezea kalenda. Dondoo ya kumbukumbu inayotolewa na Patek Philippe yenyewe huthibitisha namba za mashine na kasha na tarehe saa ilipouzwa mara ya kwanza. Haithibitishi kwamba uso na mishale unayoiona leo ni ya siku hiyo.

Swali: Ni kweli kalenda ya kudumu haiguswi mpaka mwaka 2100? — *Msomaji, Dodoma*

Jibu: Ni kweli kama saa haisimami. Ndani ya kalenda nyingi za aina hii mna gurudumu linalozunguka mara moja kila miaka 4, lenye hatua 48, moja kwa kila mwezi. Mwezi wa siku 30 umechongewa pengo dogo, Februari pengo refu. Wenzo huangukia pengo hilo mwishoni mwa mwezi, na kina chake ndicho kinachoamua tarehe iruke siku ngapi. Gurudumu hili halijui kwamba 2100 si mwaka mrefu, ndiyo maana mwaka huo itabidi kurekebisha kwa mkono.

Hatari halisi ni ya kila siku. Saa ikilala bila ufunguo siku mbili tatu, husimama, na mwenyewe huibonyeza usiku ili aiweke sawa. Saa kadhaa kabla na baada ya usiku wa manane gia za kalenda zimeshikana. Ukibonyeza wakati huo unalazimisha meno yaliyokwisha kuumana. Usiguse vibonyezo kuanzia saa 2 usiku hadi saa 10 alfajiri. Namba 3970 ina mshale mdogo wa saa 24 upande wa kushoto wa uso: ukiwa kati ya 20 na 4, ondoa mkono. Na tarehe ikitangulia, usiirudishe nyuma. Iache saa isimame, ungoje siku ifike.

Swali: Nina faranga za Uswisi 120,000. Nipandishe bei hadi wapi? — *Msomaji, Nairobi*

Jibu: Juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho inayotajwa mnadani, kuna ada ya mnunuzi inayotozwa na nyumba ya mnada. Ikiwa 26%, kikomo chako ni 95,000, kwani pamoja na ada inakuwa 119,700. Bima, usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya Kenya ya 16% bado havimo. Kwa hiyo shuka zaidi.

Swali: Assalaam aleikum. Marehemu baba alituachia Rolex yenye khanjari, lile jambia la nembo ya Oman, usoni. Tuipeleke mnadani? — *Msomaji, Muscat*

Jibu: Wa aleikum salaam, na Mungu amrehemu. Saa za khanjari ziliagizwa kwa ajili ya zawadi za Sultan Qaboos, nyingine kupitia duka la Asprey la London, na wakusanyaji huzitafuta sana. Kwa sababu hiyo wapo wanaochapa khanjari kwenye uso wa kawaida. Rolex haitoi dondoo za kumbukumbu kwa umma, basi ushahidi wenu ni karatasi: barua ya zawadi, kisanduku, picha ya baba akiwa ameivaa, hati ya kazi inayoonyesha alihudumu wapi. Kusanyeni hivyo kwanza. Wala msimpe fundi aisafishe uso au kuing'arisha kabla mtaalamu wa mnada hajaiona.