Kiangazi cha Ng'ombe wa Milimani Huandaliwa Masika

Anayeanza kufuga ng'ombe wa kienyeji kwenye kijiji cha milimani huambiwa mapema kwamba ng'ombe hao hawana gharama, kwa kuwa wamezoea jua, magonjwa na njaa. Kauli hiyo ina ukweli wake, kwani ng'ombe wa nundu hustahimili joto, huridhika na malisho duni na hushambuliwa na kupe kwa kiasi kidogo kuliko ng'ombe wa kisasa. Hata hivyo, katika miaka yote niliyochunga kwenye miteremko, mifugo niliyoiona ikikondeana hadi kushindwa kusimama ilikuwa ya wafugaji waliomaliza nyasi zao mvua zikiwa bado zinanyesha.

Kwa sababu hiyo, nashauri mlima ugawanywe kabla kundi halijatolewa zizini. Masika, ng'ombe wachungwe sehemu za juu, ambako maji hayatuami na kwato haziharibu ardhi, na nyasi za bondeni na za upande wenye kivuli ziachwe kwa ajili ya kiangazi, kwani huko unyevu hukaa muda mrefu zaidi. Ni kweli kwamba nyasi zilizoachwa muda mrefu hukomaa na kupoteza ubora, lakini zikichanganywa na mabua yaliyohifadhiwa baada ya mavuno humvusha ng'ombe wa kienyeji hadi mvua zinaporudi. Nyasi zikibaki na kimo cha kiganja, kundi lihamishwe. Zikiliwa hadi mashinani, mizizi hudhoofika na mvua ya kwanza huondoka na udongo. Njia ya ng'ombe nayo ipite mlima kwa mshazari na ibadilishwe mara kwa mara, kwa maana njia inayoshuka moja kwa moja hugeuka korongo.

Kuhusu saa ya kufungulia, wazee waliotufundisha kuchunga walikataza kutoa ng'ombe kabla umande haujakauka, nasi tulidhani ni uvivu wao. Walikuwa na sababu: viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yenye unyevu na kumezwa pamoja na nyasi. Wakati wa kiangazi kikali, umande ukiwa haba, mimi huwatoa mapema zaidi ili wapumzike kivulini jua la mchana linapowaka. Mahali pa kuogopwa nyakati zote ni kwenye kinamasi, kwa kuwa konokono wanaoishi humo ndio wanaoeneza minyoo ya ini. Maji yakiweza kuelekezwa kwa mfereji hadi kwenye birika, kundi lisikanyage humo kabisa.

Ndama anahitaji uangalizi kuliko ng'ombe yeyote zizini. Anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za mwanzo, kwani uwezo wa utumbo wake kufyonza kinga iliyomo hupungua haraka na huisha ndani ya takriban siku moja. Ng'ombe wa kienyeji kwa kawaida haachii maziwa asipomwona mtoto wake, hivyo ndama hutangulizwa kunyonya: hupiga kiwele kwa pua, hunyonya chuchu moja baada ya nyingine, na povu jeupe likianza kumtoka mdomoni hufungwa karibu na kichwa cha mama ili amrambe huku mkamuaji akifanya kazi yake. Mkamuaji mwenye busara huacha chuchu moja bila kuigusa. Anayekamua zote hadi tone la mwisho anapata kibuyu kilichojaa leo na mtamba aliyedumaa baadaye.

Kupe waangaliwe masikioni, chini ya mkia na kati ya mapaja, na dawa ya kuogesha ichanganywe kwa kipimo kilichoandikwa. Ng'ombe akifa ghafla na kutokwa damu isiyoganda puani au mkunduni, asichunwe wala kupasuliwa, bali afisa mifugo aitwe mara moja, maana hizo ni dalili za kimeta, ugonjwa unaoua watu pia.

Fahali naye ana muda wake. Mtamba wa kienyeji huwa tayari kupandwa akikaribia miaka 3, kwa hiyo dume aondolewe kundini kabla mabinti zake hawajafikia umri huo; kubadilishana na mfugaji wa kijiji cha mbali hutosha.

Linalobaki ni kuuza, jambo ambalo wengi wetu hulichelewesha kwa kupenda kuhesabu mifugo. Wachaguliwe mwishoni mwa masika, wakiwa wamenona na mnunuzi hana cha kukosoa: kwanza maksai waliokwisha kukomaa, kisha majike yasiyoshika mimba na yale ambayo meno yake yamekwisha, kwa kuwa hayo ndiyo hulala chini kwanza nyasi zinapokauka. Mitamba na majike yenye mimba yabaki, na idadi yake iendane na nyasi zilizotengwa kule bondeni.