Uani Kwetu: Maswali yenu ya bata

Toleo lililopita tuliongelea sungura lakini ujumbe mwingi uliokuja ni wa bata, nadhani ni mambo ya likizo, wazazi wameshawishiwa na watoto. Maswali marefu nimeyafupisha, msinune.

SWALI: Habari za kazi anti. Nilinunua vifaranga sita wa bata sokoni kwa ajili ya wanangu maana walinisumbua sana wanataka kitu cha kufuga, tukawawekea beseni kubwa la maji wakawa wanaogelea siku nzima watoto wanafurahi, asubuhi yake nakuta wawili wamekufa wamelowa chapachapa na wengine wanatetemeka. Waliobaki, mmoja miguu imelegea anatembelea magoti. Si wanasema bata ni ndege wa maji, sasa maji yanamuuaje? (Mama watatu, Tabata)

JIBU: Pole mama, na wape pole watoto. Bata ni wa maji kweli, ila kifaranga mwenye mama na huyu wa sokoni hawako sawa hata kidogo. Yule mwenye mama akitoka majini anaingia chini ya mbawa anapata joto, na manyoya yake yanapata mafuta ya mama ndo maana maji yanateleza. Wako hana mama, mafuta yake mwenyewe bado machache, akikaa majini analowa mpaka ngozi, usiku ukiingia anapoa na kufa hata kama ni Dar na joto lake lote. Kwahiyo wiki nne tano za mwanzo sahau mambo ya kuogelea, hilo beseni rudisha jikoni.

Maji ya kunywa ndo usibanie. Chukua kidumu cha lita tano, kata kidirisha ubavuni, kichwa kiingie mwili usiingie. Kichwa lazima kiingie chote kwasababu bata anasafisha pua na macho kwa kuzamisha, ukimpa kisahani kile cha kuku macho yanaanza kugandana. Na chakula kikavu hakimezi bila maji, utaona anabeba tonge anakimbilia maji, anarudi, anakimbilia tena, mpaka chini kunakuwa tope, hio ni kawaida yake usimgombeze. Ukiwaondolea maji usiku basi ondoa na chakula, wasije wakakabwa.

Joto: boksi, balbu juu, chini maranda makavu. Gazeti hapana, linateleza na miguu inatanuka huku na huku. Wakijikusanya chini ya balbu wana baridi, wakikimbilia pembeni midomo wazi wanahema ujue umezidisha, pandisha balbu juu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa msijaribu kabisa, hapo mtakufa na nyie.

Sasa huyo wa kutembelea magoti. Nahisi unawapa chakula cha vifaranga vya kuku, eti? Sio kibaya, ila bata mdogo anahitaji niasini, yani vitamini B3, kuliko kifaranga wa kuku, akiikosa miguu inalegea na kupinda. Nenda duka la dawa za mifugo waambie unataka vitamini ya maji yenye kundi B, soma paketi uone niasini ipo, na ongeza dagaa waliosagwa wasio na chumvi. Chumvi nyingi inaua bata wadogo haraka, kwahiyo dagaa wale wa kukaushwa na chumvi waacheni jikoni. Mkiwahi mguu unaweza kurudi, ukishapinda na kukomaa ndo basi tena.

SWALI: Nina bata mkubwa uso wote mwekundu una vinundu vinundu, jirani anasema ana ndui nimchinje kabla hajaambukiza mtaa. Pia halii, anapuliza tu kama nyoka. (Kaka wa Morogoro)

JIBU: Mwambie jirani atafute mchuzi kwake. Huyo ni mzima, ndivyo alivyoumbwa. Bata wengi tunaowaita wa kienyeji ni jamii moja yenye asili ya Amerika ya Kati na Kusini, uso wao una nyama nyekundu ya vinundu, na dume analo kubwa zaidi. Dume hana sauti ya kwak kwak, anapuliza hivohivo. Ndui ya ndege ni vidonda vyenye magamba, vinakauka na kudondoka, ukishaviona huwezi kuchanganya. Ila angalia ukuta wako, bata wa aina hii wanaruka kweli hasa majike. Kata manyoya marefu ya bawa MOJA tu, akitaka kuruka anapinda anarudi chini. Ukikata mawili bado atajitahidi. Akipukutika manyoya na kuota mapya unakata tena.

SWALI: Sasa anti, mimi niko Machakos, nina bata nane kwa compaundi, feed imepanda bei na mahindi yaliyoshikwa na mvua mwaka huu yakaanza kuwa na rangi ya kijani, hayawezi kuenda posho mill ya watu, nikasema wacha nipatie bata maana bata hukula kila kitu hata matope. Ni sawa?

JIBU: Si sawa!! Kati ya maswali yote ya leo hili ndilo lililonifanya nikae wima. Ile rangi ya kijani ni ukungu unaotoa sumukuvu, na kati ya ndege wa kufugwa bata mdogo ni miongoni mwa wanaoathirika vibaya zaidi, mpaka wanasayansi zamani walikuwa wanatumia vifaranga wa bata maabara kupima kama chakula kina hio sumu. Yenyewe iligunduliwa kwa ndege: mwaka 1960 Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na vifaranga wa bata pia, watu wakaita ugonjwa X kwasababu hawajui ni nini, kuja kuchunguza kumbe ni mashudu ya karanga yaliyoota ukungu. Na wewe uko Ukambani, 2004 mahindi yenye ukungu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao huko Makueni na Kitui kwa majirani zenu. Sumu hii inapiga ini. Kuchemsha haiishi, kuanika juani haiishi, kupeta unapunguza tu. Na bata anayetaga akiila, nyingine inaweza kupita kwenye mayai mnayokula nyumbani.

Hayo mahindi yafukie, usimuuzie mtu. Kama shida ni bei, bata mkubwa ni mchungaji mzuri kuliko kuku, mwachie alfajiri ale konokono, nyasi changa, wadudu, mpe sukuma wiki zile za pembeni zilizozeeka, mchicha, maganda ya papai, kisha jioni feed kidogo kavu na safi. Mkate nao punguza, unashibisha tumbo bure. Na hio ya bata kula matope, anachuja wadudu humo, matope yenyewe hayamshibishi.

SWALI: Bata wangu ameatamia siku 26 hakuna kitu. Mama mkwe anasema mayai viza nitupe. (Tanga)

JIBU: Kama ni wale wenye uso mwekundu wanaatamia siku 35 hivi, sio 21 za kuku. Bata weupe wa kizungu ndo 28. Usiku washa tochi ya simu, weka yai juu yake gizani: likiwa jeusi ndani na sehemu ya hewa juu imebaki wazi, kuna mtu humo. Linalopitisha mwanga lote halina kitu, toa. Mama mkwe msalimie, mwambie asubiri.

SWALI: Dume langu linapanda tetea wa kuku mpaka mmoja amekufa. Nifanye nini?

JIBU: Tenganisha leo. Bata dume ameumbwa tofauti na jogoo na anaweza kumchana tetea ndani. Mpatie majike wa bata wanne au watano, akiwa na mmoja tu naye atamchosha na kumnyonyoa kisogo.

SWALI: Shikamoo anti. Nipo kidato cha pili Mwanza, nina bata jike mmoja nimemlea toka mdogo, ananifuata kila mahali mpaka chooni ananisubiri mlangoni. Tukifungua shule naenda bweni. Mdogo wangu kasema atamlisha ila naogopa atakonda kwa mawazo. Pia maji yake mama analalamika mbu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakosea kuogopa, bata ni wa kundi, na wewe ndo umekuwa kundi lake. Akiachwa ghafla anaweza kulia siku nzima na kususa chakula. Kwahiyo mtafutie mwenzake sasa hivi kabla shule hazijafunguliwa, jike mwingine wa umri wake, sio kuku. Usiwachanganye siku hiyohiyo. Huyo mpya mkalishe kwanza peke yake wiki mbili tatu mbali kidogo uone kama haumwi, kisha banda moja lakini wavu katikati waonane siku chache, halafu ndo toa wavu, na uwepo wakati unautoa. Watadonoana kidogo, acha. Ikiwa damu, rudisha wavu.

Huku nyuma anza kujipunguza, chakula cha jioni ampe mdogo wako, wewe kaa ndani. Mfundishe pia kufunga banda kabla giza halijaingia na kukagua siafu, maana nguchiro na siafu hawasubiri mtu amalize tamthilia.

Maji mama ana haki. Beseni limwagwe kila siku, mbu hawawahi kukua, na hayo maji machafu yana mbolea, mwagieni migomba au mchicha wake, mayowe yatapungua.