Kupandisha kasi ya kadi ya michoro kwenye laptopu: haitaungua?

SWALI: Nina laptopu ya gemu yenye kadi ya michoro ya GeForce RTX 4060. Gemu ninayoipenda inanipa fremu (picha) 55 hivi kwa sekunde, nami natamani zifike 60. Rafiki yangu anasema nipakue programu ya MSI Afterburner nipandishe kasi ya kadi. Je, haitaungua? Na kuna faida kweli?

JIBU: Kuungua si rahisi. Kadi za siku hizi zinajilinda zenyewe: joto likifika kikomo, ambacho kwenye laptopu nyingi ni karibu na nyuzi 87 za Selsiasi, kadi inapunguza kasi. Joto likizidi hapo, mashine inajizima. Tena kinachoua chipu ni volteji kubwa kupita kiasi, na kwenye laptopu nyingi mtengenezaji ameifunga, huwezi kuipandisha kwa programu. Ukizidisha megahezi, yaani kipimo cha kasi ya kadi, utaona gemu inajifunga ghafla, au vidoa vya rangi vinametameta kwenye skrini. Ukirudisha mipangilio ya awali, mambo yanatulia. Hata hivyo, soma kwanza masharti ya dhamana yako.

Faida ndiyo ndogo. Kwenye laptopu nilizozishughulikia, ni mara chache kupata zaidi ya asilimia 5 au 6, yaani fremu zako 55 zinakuwa 58. Sababu ni kwamba kadi tayari inajipandisha kasi yenyewe mpaka igonge ukuta, na ukuta wa laptopu ni joto na wati, yaani umeme ambao kadi inaruhusiwa kula. RTX 4060 ya laptopu hutengenezwa kwa wati kuanzia 35 hadi 115. Mashine mbili zenye jina lilelile la kadi, moja inaweza kuiacha nyingine mbali sana. Angalia yako imepewa wati ngapi, na kama iko kwenye hali ya utendaji wa juu huku ikiwa imechomekwa kwenye chaja yake. Wengi wanaoniuliza swali hili hupata fremu walizokuwa wakizitafuta hapo hapo.

Jambo la pili ni vumbi. Nimefungua laptopu nyingi za gemu nikakuta kati ya feni na mapezi ya kupoza kumetanda utando mzito kama kipande cha blanketi. Kumbuka pia kwamba mara nyingi prosesa na kadi ya michoro zinatumia mirija ileile ya shaba kutoa joto, kwa hiyo ukiichemsha moja unaiumiza na nyingine.

Kama ungekuwa mbele yangu, ningekushauri ushushe volteji badala ya kupandisha kasi. Ndani ya Afterburner bonyeza Ctrl na F, utaona mchoro wa volteji na kasi. Tuseme kadi yako inatumia milivolti 950 kwa kasi fulani. Ukiifanya itumie 850 kwa kasi ileile, umeme unaoliwa na chipu unapungua kwa karibu asilimia 20, maana unafuata mraba wa volteji. Joto linashuka, feni zinapunguza kelele, na wati zilizookolewa kadi inazitumia kudumisha kasi yake gemu inapokuwa nzito. Usiposhuka taratibu gemu itajifunga, basi rudi juu kidogo.

Ukiamua kupandisha kasi hata hivyo, ongeza megahezi 25 kwa 25 kwenye chipu, na kila hatua cheza nusu saa, usitegemee jaribio la dakika mbili. Kuwa makini zaidi na kumbukumbu ya kadi. GDDR6, aina ya kumbukumbu iliyo kwenye kadi yako, inaweza kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya, kwa hiyo ukizidisha huenda usione kasoro yoyote kwenye skrini, ila fremu zinaanza kupungua kimyakimya. Nimeona watu wakifurahia namba kubwa kwenye Afterburner huku gemu yao imekuwa nzito kuliko mwanzo. Andika fremu za kila hatua. Zikianza kushuka, umepita kiasi.

Na kile kitufe cha kuitumia mipangilio mara tu Windows inapowaka, usikiguse kwanza. Cheza nayo siku kadhaa bila tatizo, ndipo ukiwashe.